Spektrofotomita ya mtumba na oksijeni ya kwenye heksani: uzoefu wangu

Mashine hii nimekaa nayo miezi minne katika kijichumba changu cha maabara hapa Tudor, Mombasa, sasa naweza kuisema. Ni spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na kitu) ya mtumba, ya mwale mmoja, inayosoma mawimbi ya mwanga kutoka nanomita 190 hadi 1100. Nilimwuliza muuzaji, ambaye jina lake naliacha, kama itaiona oksijeni iliyoyeyuka ndani ya kimiminika. Akacheka. "Mwalimu, hii hata pumzi yako itaiona."

Alisema kweli nusu.

Nusu hiyo iko kwenye urujuanimno, mwanga wa mawimbi mafupi usioonekana kwa macho. Heksani, kimiminika cha jamii ya petroli, ikikaa wazi hubeba oksijeni karibu mara kumi ya ile ya maji, na molekuli za hao wawili zikigusana hufyonza mwanga ambao kila mmoja akiwa peke yake angeuacha upite. Mwanakemia Evans aliuonyesha ufyonzaji wa namna hii mwaka 1953. Wenzake Tsubomura na Mulliken wakaueleza mwaka 1960, kwamba elektroni ya kimiminika huvutwa upande wa oksijeni. Hapo hapana ndoa, ni kupigana vikumbo tu. Pitisha nitrojeni, oksijeni itafukuzwa na ufyonzaji utaondoka nayo.

Siku ya kwanza mimi nilipitisha nitrojeni na mstari wa ufyonzaji kwenye grafu ukapanda! Nusu siku nzima nailaumu taa, kumbe heksani ilikuwa ikichuna uchafu kutoka kwenye mpira wa gesi niliouchomeka. Nikaweka mrija wa tefloni. Likaja la pili: nitrojeni inapeperusha heksani, kuveti (kile kichupa cha kupimia) inapoa, na unyevu wa Mombasa mnaujua. Kioo cha kwatzi kilitoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa frijini. Dawa yake ni kupitisha nitrojeni kwanza kwenye chupa nyingine ya heksani, ifike kwenye kuveti ikiwa imeshashiba mvuke. Baada ya hapo, karibu na nanomita 210, mstari ulishuka; nikapuliza hewa ukapanda, nikarudisha nitrojeni ukashuka tena. Niliirudia mara tano, nyingine kwa raha yangu tu.

Nusu ya uongo ni pale kwenye nanomita 765. Oksijeni ina ufyonzaji wake yenyewe maeneo hayo, ndio unaotia ule mstari mweusi ambao mwanafizikia Fraunhofer aliuita A kwenye mwanga wa jua. Lakini jua linapita kilomita na kilomita za hewa. Mimi nina kuveti ya sentimita 10. Nilipiga hesabu: ufyonzaji ninaoutafuta haufiki 0.0001 kwenye kipimo cha mashine, na mashine yenyewe inachezacheza kwenye 0.001. Hata ningekesha nisingeona kitu. Wenye uwezo hutumia oksijeni ya shinikizo kubwa (pamoja na heksani hilo ni bomu, msijaribu), au huiamsha oksijeni kwa leza na kuinasa kwa kemikali inayobadilika rangi. Mkanda mwingine wa oksijeni, wa nanomita 1270, ndio kabisa, uko nje ya mashine hii.

Malalamiko mengine: kishikio cha kuveti ndefu hakikuwemo, nikachongewa na fundi wa vyuma kule Majengo, na kusema kweli chake kimekaa vizuri. Chini ya nanomita 200 siiamini, mwanga wa kupotea ni mwingi mno. Taa ya deuteriamu inataka nusu saa kabla haijatulia, na stima ikikonyeza mara moja tu unaanza upya. Betri ya akiba si anasa.

Nimetoa shilingi 85,000. Kwa kufundishia wanafunzi ufyonzaji wa mgusano, ningeinunua tena, ila ningeanza na 60,000, na ningemtaka muuzaji aiwashe mbele yangu anionyeshe taa imeshatumika saa ngapi. Juzi kanipigia kuuliza kama nimeridhika. Nikamwambia ya heksani nimeiona, pumzi bado.