Kuhesabu pumzi dakika nzima: uzoefu wangu wa mafunzo ya midoli, Moshi

Nasoma diploma ya uuguzi hapa Moshi, mwaka wa pili. Kabla ya kupangiwa wodi ya watoto tulikaa siku tatu kwenye chumba cha mazoezi, tukihudumia midoli. Wadogo zangu wanaokuja nyuma wananiuliza kama inafaa. Inafaa sana.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kichanga asiyepumua, kwa mdoli anayeitwa NeoNatalie. Anajazwa maji ya vuguvugu, ukimbeba kichwa kinalegea na uzito unaujua mkononi. Tyuta, yaani mwalimu wetu, akibonyeza kimpira, kitovu kinadunda. Akiacha, kimya. Hapo una dakika moja, ile ya dhahabu: mkaushe, msugue mgongo, kama bado hapumui mpe hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubana wenye barakoa ya usoni. Nikabana, nikabana tena, kifua hakipandi. Kumbe nilikuwa nimekipindua kichwa nyuma mno. Tyuta hakunishika mkono, alisema tu, "Mwanangu, angalia kifua, ambu iache." Nikakiweka kichwa sawa, nikakaza barakoa usoni, kifua kikapanda.

Siku ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Mtoto wa miezi 10, kikohozi na homa. Kifua chake tunakiangalia kwenye video, na mwenzetu mmoja kajifunga kitenge, ndiye mama. Nikahesabu pumzi kwa sekunde 15, nikapata 12, nikazidisha kwa nne: 48. Nikaandika kwamba hapumui haraka. Tyuta akairudisha video tukahesabu dakika nzima. Ikafika 53. Kwa umri ule, kuanzia 50 ni pumzi za haraka, na mtoto mwenye kikohozi akipumua hivyo unamfikiria nimonia. Pumzi za mtoto haziendi sawasawa, zinakwenda mbio kisha zinapoa, ndiyo maana njia ya mkato inadanganya. Ningemrudisha nyumbani mtoto mgonjwa.

Tulipokaa kujadili, "mama" ndiye aliyeanza. "Hukunisalimia, dada. Ulikodolea saa, mimi nikadhani mwanangu anakufa." Nililia kidogo, sikuona aibu.

Malalamiko ninayo. Tulikuwa 24 kwa mdoli mmoja, wengine walibana ambu mara moja tu wakapisha. Mkono wa mpira wa kujifunzia kuweka kanula, kile kimrija cha mshipani, umechomwa mpaka unavuja, hujui kama umeingia mshipani au ni tundu la mwenzako wa mwaka jana. Halafu mdoli hapigi teke. Mtoto halisi anajinyonga mikononi, hilo utalikuta wodini.

Wiki iliyofuata wodini nilimpokea mtoto wa miezi saba. Nikamwambia mama yake, "Pole mama, nahesabu anavyopumua, nipe dakika moja, usimnyonyeshe kwanza." Akakaa kimya, akamshikilia nguo juu ya kifua. Nikapata 58, nikamwita sista, naye akahesabu upya. Akapata 57. Mtoto akaanzishiwa dawa asubuhi ileile.

Kama chuo chenu kina chumba hicho, ombeni ufunguo jioni, msisubiri zamu ya darasa. Sisi wanne tulipewa siku ya Alhamisi, nikarudia ambu mara 11. Mara ya tisa ndipo kifua kilipoanza kupanda kila nikibana.