Mafunzo ya nadharia ya michezo Nyali: dadu nzuri, kihisi cha kufikirika

Nadharia ya michezo ni hesabu ya kuchagua hatua wakati mpinzani naye anachagua yake. Ada ni shilingi 18,000 kwa siku mbili, chai na chakula cha mchana ndani. Kwa fundi anayelinda mitandao ya vikosi, siku ya kwanza pekee inairudisha.

Uzito wote uko kwenye zoezi moja. Kambi ya kubuni ina seva mbili: ya amri, ikivamiwa hasara ni 6, na ya ugavi, hasara 3. Kila zamu walinzi hukagua moja tu, na mvamizi akiigusa hiyo hunaswa bila hasara. Wengi huing'ang'ania ya amri, na mvamizi anajichotea ugavi bila wasiwasi. Jibu: amri zamu 2 kati ya 3. Hapo mvamizi apige popote, wastani wa hasara ni 2. La ajabu liko upande wake: akiwa mwerevu, amri ataigusa mara 1 tu kati ya 3, maana ndiko anakosubiriwa.

Zamu hupangwa kwa dadu, 1 hadi 4 amri, 5 na 6 ugavi. Asipange mtu kichwani. Binadamu huona haya kurudia, na adui akijua jana mlikuwa ugavi, leo anaingia hapohapo.

Kufungua somo kwa bao kulichangamsha ukumbi lakini kulipotosha. Kwenye bao kete zote ziko wazi; hapa kila upande huficha hatua yake.

Kasoro kubwa ni kudhani ukaguzi hunasa kila mara. Kihisi, yaani kifaa cha kugundua mvamizi, kikinasa mara 8 kati ya 10, amri inataka zamu 3 kati ya 4, na hasara inapanda hadi 2.4. Dadu iwekeni kando: rusheni sarafu mpya ya shilingi 1 mara mbili, twiga akitokea zote mbili, nendeni ugavi. Na hizo 6 na 3 kazitoa nani? Hata kwa kihisi kisichokosea, ugavi ukiwa na thamani ya 6 kweli, ratiba ya 2 kati ya 3 inawapotezea 4 badala ya 3 ya kugawa zamu nusu kwa nusu.

FlipIt, mchezo wa watafiti wa RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, kuhusu seva inayotekwa kimya kimya, ulibanwa kwenye kipindi cha saa moja mchana, feni moja ukumbini. Ulistahili nusu siku: anayebadili nenosiri kila tarehe 1 huibiwa tarehe 2 na mwizi akakaa mwezi mzima. Vipindi vya kulibadili viwe vya kubahatisha.

Vitini havina majibu. Yapigeni picha ubaoni kabla hayajafutwa.