Kozi ya mnyororo: Jumamosi sita na foronya moja iliyochuja rangi

Nililipa shilingi 60,000 kwa Jumamosi sita za kujifunza kudarizi kwa mkono, hapa Tanga, Ngamiani, kwenye baraza ya nyumba ya mwalimu. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na pakiti ya vifaa kutoka dukani: sindano, fremu ya duara, nyuzi za rangi na foronya nyeupe iliyokwisha kuchorwa maua. Mafunzo nayasifu. Pakiti siisifu hata kidogo.

Nilitegemea mishono kumi. Tukafundishwa mmoja, mnyororo, na Jumamosi ya kwanza nusura nidai pesa yangu. Unachomoza sindano juu, unalaza uzi uwe kitanzi na kuubana kwa kidole gumba, unairudisha sindano kwenye tundu lile lile ilipotokea, unaichomoza tena mbele kidogo, uzi ukiwa chini ya ncha, halafu unavuta. Kusema ni rahisi. Vitanzi vyangu vya mwanzo nilivikaza mpaka kitambaa kikakunjamana kama uso wa aliyelamba ndimu. Mwalimu akatazama, akasema, "Mwanangu, hufungi mbuzi."

Kitanzi cha mwisho lazima kifungwe kwa kushona kidogo kichwani pake. Mwenzetu alisahau, akavuta uzi, mstari wote ukafumuka mrrr, kama mdomo wa gunia la sembe ukibahatika kuipata ile ncha yake. (Na ule wa gunia ni mnyororo huo huo, ila wa mashine.)

Kuanzia wiki ya tatu ndipo nilipoelewa kwa nini tulikwama hapo. Ukifunga kila kitanzi peke yake, unapata petali. Vitanzi vitano kuzunguka kitovu, ua limekamilika. Ukirudisha sindano pembeni badala ya tundu lile lile, mnyororo unafunguka na kuwa ngazi, mradi usikaze kabla hujapanda kidato kinachofuata. Ukielekeza vitanzi kushoto, kulia, kushoto, unapata zigizaga nzuri kwa pindo.

Lakini ulioniteka ni ule wa rangi mbili. Unatunga nyuzi mbili kwenye sindano moja, mimi nilitia kijani na manjano. Unapitisha kijani tu chini ya ncha, manjano unaiacha juu, unavuta: kitanzi kinatokea cha kijani, manjano haipo! Imezama nyuma ya kitambaa. Kitanzi kinachofuata unabadilisha. Mara nyingine kipande cha manjano hubaki kimening'inia juu. Kivute taratibu na chenyewe kitazama. Nilishona mstari wa sentimita ishirini usiku ule, chai ikapoa.

Sasa pakiti. Fremu haikushika kitambaa, skrubu yake iliteleza, ikabidi nizungushie duara la ndani utepe wa pamba. Hilo nililivumilia. Nyuzi ndizo zilizonitia uchungu: foronya ilipofuliwa mara ya kwanza, kwa maji baridi, nyekundu ilichuja na petali zote zikawa na ukungu wa waridi. Kazi ya wiki nne! Muuzaji alinijibu kwamba nilitakiwa kujua. Siku hizi nalowesha kipande cha kila uzi na kukibana kwenye kitambaa cheupe kabla ya kuanza. Nilichonunua baadaye ni nyuzi za chapa ya DMC, ambazo kila fungu lina mita 8 na uzi wake umesokotwa kwa nyuzi ndogo 6 zinazoachana. Natumia 2 kwa majani, 3 kwa mashina. Ni ghali, lakini hazijanichujia. Kata urefu wa dhiraa moja tu, zaidi ya hapo uzi unachakaa na kujifunga mafundo.

Mwalimu ana pia ndoana ndogo, kama wanayotumia mafundi wa Kashmir, inayovuta mnyororo kutoka chini ya kitambaa kwa kasi ya ajabu. Hatukuruhusiwa kuigusa. Hapo namlaumu kidogo.

Siku ya mwisho nilimpelekea kofia ya marehemu babu, nikijua ni mnyororo. Akacheka: ile ni vitobo, kila kimoja kimezungushiwa uzi ukingoni. Hiyo ni kozi yake nyingine, Jumamosi nane. Nimeshalipa nusu, na vifaa najinunulia mwenyewe.