Uzoefu wangu na kidhibiti cha umeme wa jua wa mtaani, Gungu, Kigoma

Hapa Gungu nyumba kadhaa, yangu ikiwemo, zimeunganishwa katika mfumo mmoja: paneli ziko juu ya mapaa yetu, betri za lithiamu ziko kwenye kibanda cha pamoja, na kidhibiti ndicho kinachoamua umeme uende wapi na saa ngapi. TANESCO tunayo na LUKU tunanunua, lakini umeme wa nje ukikatika mfumo hujitenga kwanza na laini yao, ili fundi aliyepanda nguzo asipigwe na umeme wa kwetu, kisha huendelea kutuhudumia.

Kidhibiti hakizalishi hata wati moja. Kazi yake ni kupanga foleni, na hilo hulifanya vizuri. Saa ambazo ratiba yake inatarajia betri zikaribie kujaa, huwasha pampu ya kisima na friza za jirani anayeuza samaki aina ya migebuka, hivyo umeme ambao ungekosa pa kwenda unakuwa maji kwenye tenki na barafu. Usiku, betri zikishuka chini ya asilimia 30, friza na pasi hukatwa kwanza, taa na chaji za simu zikabaki. Friza iliyogandisha vyema mchana huvumilia, mradi watoto wasiifungue kila mara.

Lawama yangu kubwa ni hiyo ratiba ya saa za kuwasha na kubana. Ililetwa ikiwa imepangwa kwa jua la Dar es Salaam, ilhali Kigoma iko magharibi zaidi kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na jua letu hufika utosini takriban dakika 40 baada ya la kule. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, ila mchana wetu kamili ni kama saa saba. Matokeo yake pampu ilikuwa inawaka wakati betri bado zina njaa, na alasiri, jua likiwa lingali kali juu ya ziwa, mfumo ulikwisha kuanza kutubania. Kampuni ilibisha kwamba programu ni ileile kila mkoa. Waliporidhia kusogeza saa za ratiba, friza za jirani zilianza kulala zikiwa zimeganda.

Kiangazi kina adha yake. Vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa hutanda juu ya vioo vya paneli, uzalishaji unashuka, na simu inaletewa ujumbe wa kututaka tupunguze matumizi, wakati kinachohitajika ni ndoo ya maji na kitambaa laini. Kidhibiti hakitofautishi wingu na uchafu.

Kuhusu mgawanyo, mzee mwenye paa kubwa kuliko sote huchangia umeme mwingi, lakini simu yake humwonyesha jumla ya mtaa tu, si mchango wake, naye ana haki ya kuuliza.

Naupendekeza mfumo huu kwa mtaa wenye kisima na friza za biashara. Kwa taa na televisheni pekee, gharama haina sababu. Kabla ya kusaini, ulizeni nani anaruhusiwa kubadili ratiba. Kwetu ni kampuni peke yake, na ombi husubiri mpaka fundi wao apite Kigoma.