Slivu za kuficha tatuu: nimezivaa miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Nimenunua hizi slivu, zile soksi za mkono za rangi ya ngozi za kufunika tatuu, zinakuja mbili kwenye pakiti, na nimezivaa kama miezi minne hivi kwahiyo naona sasa naweza kuziongelea bila kukurupuka. Wengi wanazinunua kwa ajili ya kazi, bosi hataki kuona michoro basi. Kwangu kazini hakuna shida yoyote. Mi nilinunua kwa sababu ya watu wanaouliza.

Nina mstari mmoja tu wa maandishi, mkono wa kulia kwa ndani, unaanzia karibu na kifundo unapanda juu kama urefu wa kalamu. Umeandikwa "nakuja saa kumi". Ni mwandiko wa kaka yangu. Mchoraji aliunakili vilevile kutoka kwenye kikaratasi alichoniachia mezani asubuhi, mpaka ile k yake iliyolala, mpaka pale peni ilipokata wino kidogo kwenye neno saa, nikamwambia aache hivyohivyo asirekebishe kitu. Hiyo saa kumi hakufika. Sasa pata picha umesimama kwenye foleni na hicho kitu mkononi halafu mtu usiyemjua kabisa anakwambia saa kumi ya nini dada, una miadi? Au anaangalia saa yake anacheka, mbona saa kumi imeshapita. Hawana ubaya najua, hawajui chochote, ila siku nyingine unakuwa umeamka vizuri kabisa, umetoka kununua sabuni tu, na mtu anakurudisha pale mezani kwenye kile kikaratasi bila hata salamu.

Haya tuje kwenye slivu zenyewe. Kitambaa ni nailoni na spandeksi, chembamba, kinavutika vizuri, na kuficha zinaficha kweli, nilisimama dirishani jua linapiga moja kwa moja kwenye mkono na ule wino mweusi haukuonekana hata kwa mbali. Hapo siwezi kuwaonea. Tatizo la kwanza ni rangi, zipo aina chache sana na ile niliyoona ni nyeusi kuliko zote bado ni nyepesi kuliko ngozi yangu, kwahiyo mtu akiwa karibu anaona mkono una rangi mbili. La pili ni ule mpira wa juu. Asubuhi umekaa vizuri, ikifika mchana umeshateremka, kitambaa kimejikusanya kwenye kiwiko, na unajikuta kila baada ya dakika chache unavuta, unavuta. Halafu mshono wake umepita upande wa ndani palepale penye tatuu, ukivua jioni unakuta kamstari kekundu kameandikwa juu ya mwandiko wa kaka, hicho kitu kilinikera kuliko vyote. Kufua ni rahisi, kwa mkono, anika kivulini, inakauka haraka. Na nisisahau faida moja, jua linafifisha wino, kwahiyo kama unakaa sana juani hii inakulinda mchoro. Ila usiivae kwenye tatuu mpya jamani! Tatuu mpya ni kidonda, ngozi ya juu inachukua kama wiki mbili mpaka nne kufunga, kitambaa cha kubana kitanata na kuvuta gaga.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni kwamba maswali hayaishi, yanabadilika tu. Siku ya pili kuvaa, mtu kaniuliza pole, umeungua moto? Wiki hiyohiyo mwingine, umefanyiwa operesheni? Wanakuangalia kwa huruma kabisa mpaka unajisikia vibaya kusema hapana, na ukisema hapana ndo swali linalofuata, sasa umeficha nini. Nikaona kumbe nimefunika wino lakini sijafunika chochote kingine.

Halafu ikaja siku ya kwenye basi. Baba mmoja wa makamo amekaa pembeni yangu, akaona herufi mbili zimechungulia pale kitambaa kilipopanda, akanishika mkono akaivuta slivu juu zaidi asome. Hakusema hata samahani. Kasoma kwa sauti, nakuja saa kumi, akanigeukia anasubiri nimueleze. Mi sikusema kitu, nilirudisha mkono wangu mapajani nikaangalia nje mpaka nilipoteremka, na natetemeka hata sasa nikikumbuka vile vidole. Kumshika mtu usiyemjua ni kumshika mtu usiyemjua, mchoro haujabadilisha hilo. Na mikono ya watu imeshika vyuma vya basi na pesa za kila mtu, je ingekuwa bado kidonda kibichi?

Tangu siku hiyo nimefikiria sana ni nani wengine wanabeba vitu kwenye ngozi. Rafiki yangu alitibiwa saratani kwa mionzi, ana vidoti vitatu vidogo vya wino kifuani, wahudumu walimchora ili kila siku mashine ielekezwe palepale. Mtu akaona kimoja shingoni mwa blauzi akamuuliza hako nako ni katatuu gani mbona kadogo hivyo. Wapo wazee waliotoka Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, na namba kwenye mkono, hawakuchagua wala hawakuulizwa. Wapo Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, moko yao, yaani ile tatuu ya usoni, inabeba ukoo wa mtu, ukimuuliza inamaanisha nini umemuuliza yeye ni nani na babu zake ni akina nani, na hilo sio swali la kutupia mtu kwenye lifti. Wapo pia waliochora kipepeo kwa sababu ni kizuri na hawana stori yoyote, na hao nao wamechoka kutafutiwa maana.

Sasa nisiseme watu wasiulize. Nimeulizwa vizuri pia, mara mbili nazikumbuka kabisa, na zote nilikuwa nimeivua slivu kwa sababu ya joto. Ya kwanza ni mtoto wa kama miaka saba, alitazama weee halafu akauliza, hiyo haitoki ukioga? Nikamwambia haitoki, wino uko chini ya ngozi ya juu, kuna chembe za mwili zinaumeza, na zikifa zinazokuja zinaumeza tena, ndo maana unabaki. Akasema kwahiyo wanapokezana? Nikasema ndiyo wanapokezana. Tulifurahi wote wawili. Yule mtoto aliuliza kuhusu wino, hakuniuliza mimi, na ningeweza kuishia popote nilipotaka.

Ya pili ni mama mmoja mtu mzima tulikuwa tumekaa benchi moja tunasubiri kuitwa. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa kimya kidogo, halafu akasema mwanangu, huo mwandiko mzuri, mtu aliyeandika hivyo alikuwa na haraka. Basi. Hakuweka swali. Akaendelea kuangalia mbele. Ningeweza kusema asante nikanyamaza na pasingekuwa na shida yoyote, na kwa sababu ningeweza kunyamaza ndo nikamwambia yote, kikaratasi, meza, saa kumi. Alinishika bega wakati naongea lakini aliniangalia kwanza kama anaomba ruhusa. Akasema pole mama, wakamwita, akaenda.

Kuna na wale wa "hizi tatuu mambo ya vijana wa siku hizi", hao nawajibu kifupi tu kwamba kuna maiti iligunduliwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, wanamwita Ötzi, ana zaidi ya miaka 5,000 na ana tatuu 61. Mazungumzo yanaishaga hapo.

Kwahiyo slivu nazipa nyota tatu kati ya tano. Kwa mtu wa kazini anayetaka kuficha mchoro masaa machache chini ya shati zinatosha kabisa. Kwa mtu kama mimi hazitibu kitu. Ukinunua pima mkono juu ya kiwiko sehemu nene, na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, kubwa itateremka siku ya kwanza tu. Geuza nje ndani kama mshono unakuumiza, haionekani sana.

Ile ya siku ya basi uzi wake ulifyatuka alipovuta, nimeitupa. Imebaki moja, inakaa kwenye mkoba. Naivaa wiki ile ya tarehe ya kaka, kwa sababu wiki hiyo sitaki kusikia maneno saa kumi yakitoka mdomoni mwa mtu yeyote, zilizobaki natembea mkono wazi.