Uzoefu wangu na Flourish Tabs, vidonge vya mbolea kwa mimea ya kwenye akwariamu ya maji baridi (yasiyo ya chumvi)

Wadau, hivi vidonge vya Flourish Tabs vya kampuni ya Seachem nimevitumia miezi saba sasa, nimeona niandike maana kuna mtu ataokoa hela yake na kuna mwingine ataokoa samaki wake.

Akwariamu yangu ni ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kama lita 54 hivi, niko Dar. Chini nimeweka mchanga wa mto ambao niliuosha mpaka maji yakawa yanatoka safi kabisa, na hapo ndo shida ilipoanzia, kwa sababu mchanga ukishaoshwa hivyo unapendeza machoni ila mmea hauna cha kula humo ndani. Vallisneria zangu, ile mimea ya majini yenye majani marefu kama utepe, zilikuja kijani kizuri, baada ya mwezi majani mapya yakawa yanatoka ya njano njano, membamba, yamenyong'onyea kama mchicha uliokaa juani. Taa ninayo, samaki wapo, maji nabadilisha kila Jumapili robo ya tenki, na maji yenyewe nayalaza kwenye ndoo usiku kucha ili klorini ipungue. Sasa nini tena?

Kuna muuzaji mmoja mjini, jina lake naliacha, akaniuzia vidonge kwenye kimfuko cha nailoni hakina hata lebo, akasema mbolea ya akwariamu hiyo weka tu. Nikaweka. Siku ya pili asubuhi nakuta gapi wanne (vile visamaki vidogo) wamekufa na waliobaki wanahema juu juu ya maji, nikabadilisha nusu ya maji hapo hapo, jioni tena nusu. Baadaye nikaja kuelewa kwamba mbolea za shambani zenye urea na amonia ukizitia kwenye maji ya samaki unawawekea sumu. Iliniuma sana, wale gapi niliwalea toka wadogo kama kichwa cha kiberiti. Kwa hiyo jamani, kitu hakina lebo usikitie kwenye maji yenye roho.

Hizi Flourish Tabs aliniletea rafiki yangu akitoka Uingereza, pakiti ya vidonge kumi. Tofauti yake ni kwamba vina madini ya chuma, potasiamu, magnesiamu na vinginevyo vidogo vidogo, lakini haviongezi naitreti wala fosfeti kwenye maji, virutubisho hivyo viwili mmea unavipata kwenye mavi ya samaki na mabaki ya chakula. Unafukia kimoja mchangani kila baada ya sentimita 10 mpaka 15, tenki langu likala vidonge nane, viwili vikabaki.

Namna ya kufukia ndo watu wanakosea. Tumia kibano kirefu, kishike kidonge vizuri, zama nacho moja kwa moja mpaka chini kabisa karibu na mizizi, achia, alafu chomoa kibano taratibu huku kidole kinaziba mchanga. Cha kwanza mi nilikifukia juu juu, kikaibuka nikiwa napanga mmea mwingine, kikamung'unyika pale pale, na wiki iliyofuata kile kikona chote kikashika mwani, ule utando wa kijani. Vile saba vilivyokaa chini havikunisumbua na samaki hawakushtuka kabisa.

Wiki mbili za kwanza usitegemee kitu. Ya tatu nikaona jani jipya la katikati linatoka kijani kutoka kwenye shina, yale ya njano ya zamani hayarudi, unayakata tu. Kufika wiki ya sita Vallisneria moja ikatoa kamba inatambaa juu ya mchanga kama rando la kiazi, mwisho wake kikaota kitoto chenye majani matatu na vijizizi vyeupe kama uzi, nikakaa pale na tochi ya simu nakiangalia kama dakika kumi, mke wangu akadhani samaki kazaa. Cryptocoryne nazo, mimea mingine ya majini niliyonayo, ambazo nilipozipanda ziliyeyuka majani yote nikajua zimekufa, zilichipua upya toka mizizini. Zile ukizihamisha ndo tabia yake, usizing'oe, ziache.

Ila kwa mmea unaoitwa Anubias usinunue hivi vidonge. Ile inakula kwa kupitia maji, na lile shina lake nene linalolala kama tangawizi ukilifukia linaoza, unaifunga na uzi kwenye jiwe au gogo basi, inakua polepole sana lakini ni mmea wa huku huku Afrika, upande wa Magharibi na Kati, mgumu balaa. Mmea wa Hornwort ndo kabisa hauna mizizi, unaelea.

Kitu kingine, mbolea haitakusaidia kama taa unaiwasha masaa 12 kama nilivyokuwa nafanya, mwani ulikuwa unafunika mpaka kioo. Nimeshusha mpaka masaa saba kwa taima. Taima yangu ni ile ya kuzungusha, umeme ukikatika nayo inasimama, kwa hiyo kila ukirudi lazima uirekebishe, usipofanya hivyo utakuta taa inawaka usiku wa manane. Kama unaweza pata yenye betri ndani.

Kidonge kimoja kinaenda miezi mitatu mpaka minne. Awamu ya pili niliagiza tena pakiti moja, nikajumlisha na viwili nilivyobakiza, ikanitosha na cha akiba juu. Bei kwa kweli ni kubwa ukiweka na usafiri, lakini kwa tenki dogo unanunua mara chache sana kwa mwaka, na mi nitaendelea navyo.

Vallisneria zimejaa mpaka zinalala juu ya maji, kila wiki nang'oa watoto. Mdau wa Dar anayetaka aniambie nampa bure, aje na kindoo chenye maji kidogo tu.