Kurudisha maandishi ya kidirisha kwenye skrini: kiolesura au setFragmentResult?

Katika programu ya Android ya kupokea zabibu za wakulima wa Hombolo, karani anafungua kidirisha (dialog, dirisha dogo linalotokea juu ya skrini), anaandika kilo, na maandishi hayo yanatakiwa yaonekane kwenye skrini iliyo nyuma. Njia zinazoshindanishwa ni kiolesura (interface, orodha ya vitendo) kinachotekelezwa na skrini, na setFragmentResult, amri ya kutuma matokeo yenye jina liitwalo ufunguo, iliyokuja na toleo la 1.3.0 la maktaba ya Fragment (fragmenti ni kipande cha skrini chenye msimbo wake).

Kwa wingi wa msimbo, setFragmentResult ni nyepesi kidogo.

Uzito wa jambo uko kwenye uaminifu. Simu ikigeuzwa, kwa kawaida mfumo huiua skrini na kuiunda upya, na kidirisha kilichokabidhiwa msikilizaji (msimbo unaopokea matokeo) kwa mkono humpoteza, kiasi kwamba karani akibonyeza "Hifadhi" kilo hazifiki popote. Kiolesura kikiunganishwa ndani ya onAttach, hatua ambayo kidirisha huambatishwa kwenye skrini, huepuka ajali hiyo. Matokeo ya setFragmentResult, kwa upande wake, husubiri mpaka msikilizaji awe tayari, ingawa matokeo mapya yenye ufunguo uleule huyafuta ya awali ambayo hayajachukuliwa.

Katika matunzo, kiolesura kinaongoza, kwa kuwa kikusanyaji (compiler) hukagua aina ya data. Ufunguo wa setFragmentResult ulioandikwa "kilo" huku na "Kilo" kule hupita kimya kimya, na kosa la namna hiyo linachosha kulitafuta.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye skrini moja na kidirisha kimoja atatosheka na kiolesura. Anayetumia kidirisha hichohicho katika fragmenti nyingi ataona setFragmentResult inamfaa zaidi, mradi pande zote mbili zitumie FragmentManager (kisimamizi cha fragmenti) moja.